Serikali ikikataa, USDT yangu itapokelewa na nani?

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameandika: "Nauza mapazia na mashuka Kariakoo. Mzigo nautoa Guangzhou kupitia wakala wa Kichina, ambaye sasa anataka nimlipe kwa USDT kwa sababu anasema benki zinachelewesha. Shemeji yangu ananiambia hela hizo serikali ikizikataa zinakufa siku hiyo hiyo. Mdogo wangu aliyesomea kompyuta anasema hakuna serikali duniani inayoweza kuzizima. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, shemeji yako na mdogo wako wanabishana kila mtu na lake. Mdogo wako anazungumzia mtandao wa kompyuta, na kwa upande wa bitcoin, sarafu ya mtandaoni isiyo na kampuni inayoimiliki, yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Shemeji anazungumzia mahali hela inapopokelewa, na hapo ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe. Wote wawili wameruka jambo ambalo kwako ndilo kubwa: wakala wako hakuombi bitcoin. Anakuomba USDT, sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, na USDT ina mwenyewe, yaani kampuni inayoitoa. Nitafika huko, lakini niruhusu nianze na la mdogo wako.

Hela za mtandaoni hazikuanza na bitcoin. Mwaka 1996 daktari wa saratani wa Marekani, Douglas Jackson, akishirikiana na mwenzake, alianzisha e-gold, hela ya mtandaoni iliyowekewa dhahabu nyuma yake. Ilipata wateja nchi nyingi, matapeli wakiwemo. Mwaka 2007 akafunguliwa mashtaka, 2008 akakiri makosa, na e-gold haikuinuka tena. Mei 2013 ikawa zamu ya Liberty Reserve, iliyokuwa na makao Costa Rica. Mwanzilishi wake, Arthur Budovsky, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2016. Kesi zote mbili zilikuwa na kampuni, kompyuta zinazojulikana zilipo, na mtu wa kumvisha pingu. Ukishampata mwenye daftari, hesabu zote za wateja unazo mkononi.

Bitcoin iliandikwa kukwepa udhaifu huo. Andiko lililoieleza lilitolewa Oktoba 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao ukaanza kufanya kazi Januari 2009. Daftari la nani ana kiasi gani halikai kwa kampuni yoyote. Anayetaka anapakua nakala nzima, na kompyuta yake inakagua kila muamala bila kumuuliza mtu. Ukurasa mpya hufungwa kila baada ya dakika 10 hivi na wale wanaoitwa wachimbaji, watu wenye mashine zinazokula umeme mwingi wakishindania ujira. Satoshi mwenyewe alinyamaza mwaka 2011 na hajasikika tena. Kwa maoni yangu kuondoka kwake kuliisaidia bitcoin kuliko programu yoyote aliyoandika, maana hakuna wa kuitwa mahakamani kuizima.

Jaribio kubwa la kuizima lilifanyika nchi hiyo hiyo anakoishi wakala wako. Desemba 2013 benki kuu ya China ilizikataza benki kujihusisha na bitcoin. Septemba 2017 masoko ya kubadilishia yakafungwa. Mei 2021 serikali ikawageukia wachimbaji, na wakati huo China ndiyo iliyokuwa na nguvu kubwa ya uchimbaji kuliko nchi nyingine yoyote. Mashine zikazimwa Mongolia ya Ndani, zikazimwa Xinjiang, kisha Sichuan ambako wachimbaji walifuata umeme rahisi wa mabwawa msimu wa mvua. Ndani ya wiki chache karibu nusu ya nguvu ya mtandao wa dunia nzima ilikuwa imezimika.

Nitajie kampuni ya simu inayoweza kupoteza nusu ya mitambo yake kwa mkupuo na wateja wakaendelea kutumiana hela. Bitcoin ilichelewa tu. Zipo siku mwishoni mwa Juni ambazo ukurasa mmoja ulichukua karibu dakika 20. Lakini programu yenyewe hujipima kila baada ya kurasa 2016 na kurekebisha ugumu wa kazi, na tarehe 3 Julai 2021 ikashusha ugumu kwa takriban asilimia 28, punguzo kubwa kuliko yote katika historia yake. Waliobaki wakaona kazi imekuwa nyepesi, wakaongeza mashine. Waliofukuzwa wakafunga virago kuelekea Kazakhstan, Texas na kwingineko. Tarehe 24 Septemba China ikatangaza kuwa shughuli zote za biashara ya sarafu hizi ni haramu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoangalia takwimu za Januari 2022, waliikuta China imerudi nafasi ya pili duniani kwa uchimbaji, safari hii kimyakimya.

Kwa hiyo mdogo wako hakutunga. Shida ni kwamba mtandao kubaki hai hakukusaidii kitu kama mwenye fremu anataka kodi yake kwa shilingi, wakala wa forodha anataka shilingi, na mteja aliyechukua shuka analipa shilingi. Serikali inayojua kazi yake haihangaiki na kompyuta zilizotapakaa dunia nzima. Inasimama mlangoni, pale shilingi inapogeuka sarafu na sarafu inapogeuka shilingi. Walioko mlangoni ni benki, kampuni za simu na masoko ya kubadilishia, na wote hao wana leseni wanayoiogopa.

Kenya ililiona hili mapema. Mwaka 2015 Safaricom iliikatia M-Pesa kampuni ya malipo ya Lipisha, ambayo ilikuwa ikiihudumia BitPesa, kampuni ya kubadilisha bitcoin. Zikaenda Mahakama Kuu kuomba huduma irudishwe, mahakama ikakataa kutoa amri hiyo. Daftari la bitcoin halikuguswa hata mstari mmoja, ila njia ya kwenda M-Pesa ikaziba. Uganda mwaka 2022 Benki Kuu iliwaandikia watoa huduma za malipo waliopewa leseni kuwa ni marufuku kugeuza sarafu hizi kuwa pesa ya simu. Barua moja, na mlango mkubwa kuliko yote nchini ukafungwa.

Lakini kama unataka kujua nini hutokea mlango ukifungwa na watu wakakataa kuondoka, nenda Nigeria.

Oktoba 2020 vijana waliandamana kupinga kikosi cha polisi kilichoitwa SARS. Kundi la wanawake la Feminist Coalition lililokuwa likikusanya michango ya kuwasaidia waandamanaji lilikuta akaunti zake za benki zimefungwa, likaanza kupokea bitcoin. Tarehe 5 Februari 2021 Benki Kuu ya Nigeria ikaziagiza benki zitafute wateja wanaofanya biashara ya sarafu hizi na kufunga akaunti zao. Ilitaja utakatishaji wa fedha na hatari kwa wananchi. Wanigeria wengi walisoma tarehe hizo mbili kwa pamoja.

Biashara haikufa. Ilihamia kwenye kuuziana mtu kwa mtu, na inafaa uelewe inavyokwenda kwa sababu hata hapa mjini ukitafuta USDT utaelekezwa huko. Muuzaji anaziweka sarafu zake zishikiliwe na jukwaa la mtandaoni. Mnunuzi anamtumia naira kutoka akaunti hadi akaunti, kama mtu anayemlipa fundi. Muuzaji akiona hela imeingia, anaidhinisha sarafu ziende kwa mnunuzi. Benki inaona fulani kamtumia fulani, basi. Watu wakawa wanaonyana wasiandike neno bitcoin kwenye maelezo ya muamala. Benki Kuu ikaleta hela yake ya kidijitali, eNaira, Oktoba 2021, na wananchi wakaipokea kwa baridi. Desemba 2023 Benki Kuu ikalegeza, benki zikaruhusiwa tena kuhudumia kampuni za sarafu hizi kwa masharti.

Hadithi hii wapenzi wa kripto, yaani sarafu hizi za mtandaoni, huikatiza hapo. Wanaruka gharama. Katika kuuziana mtu kwa mtu unabeba mzigo ambao zamani benki ilikubebea: humjui unayeshughulika naye. Anaweza kukutumia hela iliyoibwa kwa mtu mwingine, wewe ukaachia sarafu zako, na baada ya siku kadhaa akaunti yako ikafungwa kwa sababu hela chafu ilipita kwako. Anaweza kukuonyesha picha ya muamala wa kughushi. Bei nayo inapanda, maana kila anayekubali hatari anataka alipwe kwa kuikubali.

Kisha likaja la 2024. Naira ilikuwa inaporomoka, serikali ikainyooshea kidole Binance, jukwaa ambalo sehemu kubwa ya uuzaji huo ilifanyikia. Februari maofisa wake wawili walioitwa Abuja kwa mazungumzo wakazuiliwa. Mmoja, Nadeem Anjarwalla, mwenye uraia wa Uingereza na Kenya, alitoroka Machi. Mwenzake Mmarekani, Tigran Gambaryan, alishikiliwa hadi Oktoba. Binance ikaondoa huduma zote za naira. Kumbe maelfu ya wauzaji waliodhani wanauziana wao kwa wao walikuwa wamekaa ndani ya nyumba ya mtu mmoja, na mwenye nyumba alipobanwa wote wakatoka nje. Mwaka uliofuata, Machi 2025, Nigeria ikapitisha sheria ya masoko ya mitaji inayozitambua sarafu hizi na kuziweka chini ya mdhibiti. Waliofukuzwa 2021 sasa wanaombwa waje wachukue leseni.

Kutokana na hayo naweza kukujibu kinachoifanya hela ya aina hii ibaki inatumika pale serikali inapoipinga. La kwanza kwa uzito ni wingi wa wapokeaji wadogo wasiotegemeana. Kama anayekuuzia vitambaa anaipokea, na anayemuuzia yeye uzi anaipokea, mlango wa benki unapungua umuhimu, kwa kuwa hakuna haja ya kuigeuza kila siku. Hali hiyo ni adimu mno. Wanaoisifu bitcoin mitandaoni wengi huihesabu utajiri wao kwa dola, na hilo peke yake linakuonyesha bado tuko mbali.

La pili ni daftari kubaki jepesi kiasi cha watu wengi kuweza kulitunza. Hilo ni la wahandisi, na waligombana nalo vibaya kati ya 2015 na 2017. Ukurasa wa bitcoin ni mdogo, unaingiza miamala michache. Upande mmoja ulitaka kurasa kubwa ili kila mtu atume kwa bei ndogo. Upande wa pili ukasema daftari likinenepa, ni kampuni kubwa tu zitakazoweza kulitunza, na serikali itakuwa na kampuni chache za kuzibisha hodi. Agosti 2017 wakagawana, waliotaka kurasa kubwa wakaenda na Bitcoin Cash. Mimi naona waliobaki na kurasa ndogo walikuwa sahihi, ila waliolipia uamuzi huo ni watu wa kipato chetu: Desemba 2017 wastani wa ada ya muamala mmoja ulipita dola 50. Hela isiyozuilika lakini inayokula dola 50 kutuma dola 30 ni hela ya matajiri.

Dawa iliyopatikana ni mtandao wa Lightning, unaoruhusu watu kulipana mara nyingi pembeni na kuandika kwenye daftari kuu mara chache. Msanidi wa Afrika Kusini, Kgothatso Ngako, aliunganisha Lightning na simu za vitochi kupitia huduma yake ya Machankura, ambapo unabonyeza nyota, namba na reli kama unavyoangalia salio. Ubunifu mzuri sana. Lakini angalia: namba hizo zinapita kwa kampuni za simu, zile zile zenye leseni, na hela yako inatunzwa na mwenye huduma. Kila ukiirahisisha hela hii kwa mtu wa kawaida, unamrudisha mtu wa kati aliyekuwa ameondolewa. Hakuna aliyepata njia ya kulimaliza hili.

Intaneti nitaipita haraka. Uganda ilizima pesa za simu siku ya uchaguzi Februari 2016, na Januari 2021 ikazima intaneti yote. Sisi tumeyaonja Oktoba 2025. Tangu 2017 kuna kampuni inayorusha daftari la bitcoin kupitia setilaiti, hivyo mwenye dishi anaweza kuendelea kulisoma, japo kutuma kunahitaji njia nyingine. Kwa mtu wa Kariakoo, intaneti ikizimwa hata mteja wa shuka hakupati, kwa hiyo hiyo siyo hatari ya kripto peke yake.

Ufunguo, ndiyo, nisiusahau. Ukimiliki bitcoin kikweli, unachomiliki ni maneno 12 au 24 yanayofungua pochi yako. Ukiyaweka kwenye karatasi mahali salama, hakuna anayeweza kuhamisha hela hiyo bila wewe. Ukiyaacha kwa kampuni ya kubadilishia, hela ni ya kampuni na wewe una ahadi tu. Waliokuwa na fedha zao Mt. Gox mwaka 2014 na FTX mwaka 2022, masoko ya kubadilishia yaliyofilisika, wanalijua hili bila kufundishwa.

Sasa USDT.

USDT hutolewa na kampuni ya Tether, inayoahidi kuwa kila moja ina dola moja au mali ya thamani hiyo nyuma yake. Inasafiri juu ya mitandao ya watu wengine, na huku kwetu wengi huitumia juu ya Tron kwa sababu ada ni nafuu. Kwa macho inafanana na bitcoin: pochi, anwani ndefu yenye herufi na namba, maneno 12. Tofauti iko ndani ya programu yake. Tether ina swichi ya kufungia anwani yoyote. Ikiibonyeza, sarafu zako utaziona kwenye simu na hazitaondoka. Siyo maneno ya vitisho, imeshafanyika mara nyingi kwa ombi la polisi wa nchi mbalimbali. Novemba 2023 Tether ilitangaza kufungia USDT za thamani ya dola milioni 225 hivi zilizohusishwa na mtandao wa matapeli wa Kusini Mashariki mwa Asia. Waliotapeliwa bila shaka walifurahi, na mimi pia sina tatizo na matapeli kufungiwa. Nakueleza tu uelewe kwamba hoja ya mdogo wako, kwamba hakuna anayeweza kuizima, haihusu hela unayoombwa wewe. Hii ni e-gold iliyovaa nguo za bitcoin. Ina kampuni, ina viongozi, na inaitikia serikali ikiitwa, hasa ya Marekani.

Kinachoweza kukukuta bila kosa lako ni kununua USDT kwa mtu usiyemjua, kumbe zimepita kwenye anwani ya wizi. Zikifungiwa zikiwa kwako, utaanza kuandikiana barua pepe na kampuni ya ng'ambo huku kontena limekaa bandarini linahesabu gharama.

Upande wa wakala wako nao una mlango. Yeye anaishi Guangzhou, ambako kuuza USDT apate yuan kunakatazwa, na polisi wa China wana kawaida ya kufunga kadi za benki zilizopokea fedha kutokana na mauzo ya namna hiyo zikishukiwa kuunganishwa na utapeli. Kadi yake ikifungwa baada ya wewe kumtumia, ataweza kukuambia hajapata kitu. Kwenye daftari itaonekana umetuma, lakini ni mahakama ipi ya China utakayopeleka ushahidi wa malipo ambayo sheria yao haiyatambui?

Na hapa nyumbani: Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini na kwamba kuzinunua, kuziuza na kuzitangaza ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko haya. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Yaani mkono mmoja unasema usiguse, mwingine unadai asilimia 3 ya ulichogusa. Wenzetu wa Kenya walivuka hatua hiyo Oktoba 2025 kwa sheria inayotoa leseni kwa watoa huduma. Sisi mpaka ipatikane sheria ya namna hiyo, ukidhulumiwa kwenye biashara ya USDT huna dirisha la kulalamikia, na polisi unaweza kuulizwa wewe kwanza ulikuwa unafanya nini.

Kwa mzigo wako ningefanya hivi. Mwombe wakala bei mbili kwenye ankara, ya kulipwa benki na ya kulipwa USDT. Ukiona tofauti yenyewe ni ndogo, lipa kwa benki, maana hati ya benki utaihitaji TRA watakapohoji thamani ya mzigo, na picha ya skrini ya pochi haitakufaa kwenye kaunta hiyo. Kama kinachomsumbua ni ucheleweshaji, ulizia benki yako kama inalipa kwa yuan moja kwa moja, kwa kuwa mara nyingi mzunguko wa kupitia dola ndio unaokula siku. Akishikilia kwamba ni USDT au hakuna mzigo, muulize kwa nini hataki hela iingie kwenye akaunti yenye jina la kampuni yake. Jibu lake ndilo la kulipima kabla ya kutuma hata dola moja.